Nyasi za Rweya

Wenzangu tuliokulia huku kati ya Muleba na Bukoba, nani kati yenu hajabeba mzigo wa nyasi kutoka rweya? Enzi zetu kila kijiji kilikuwa na rweya yake, ule uwanda wa nyasi ulio juu kilimani, nje ya vibanja. Kibanja kilikuwa cha mtu, na migomba yake, kahawa yake na makaburi ya wazee wake. Rweya ilikuwa yetu wote. Ng'ombe walilishwa huko, wanawake walilima njugu mawe huko, na sisi wasichana kila Jumamosi tulipanda na mundu kukata nyasi za kutandika ndani ya nyumba.

Nilikwenda na dada yangu Kokushima. Umande ulitulowesha mpaka magotini. Tukifika juu tuliiona ghuba ya Kemondo na meli majini, tukabishana kama inakuja au inakwenda. Dada alikuwa mvivu wa kukata lakini hodari wa kufunga. Siku moja mzigo wangu ulinimwagikia mbele za watu, naye akacheka mpaka akakaa chini. Nyumbani tulitoa nyasi kuukuu, tukatandika mbichi, nyumba nzima ikanukia. Mama alisema, "Kama huna chakula cha mgeni, uwe na nyasi za kumkalisha." Wajukuu wangu wana vigae. Wanateleza na soksi zao, wanaanguka, wanasema ndiyo maendeleo. Haya.

Ukitokea msiba, kila nyumba ilileta mzigo wa nyasi, wafiwa wakakaa na kulala juu yake. Hata jirani mliyegombania naye mpaka wa kibanja aliuleta, akautua mlangoni.

Halafu mkutano wa kijiji ukaamua rweya igawanywe. Mwenyekiti, kijana niliyemwona akizaliwa, alisema ardhi ile imelala bure. Nikasimama nikamwambia, "Hailali bure, mwanangu. Inatulaza sisi tukifiwa." Watu wakacheka, kisha wakanyoosha mikono kukubali. Sehemu kubwa ikaangukia kwa tajiri mmoja, akapanda mipaina, ile miti ya mbao.

Mwaka huu dada aliugua. Alinishika mkono akasema, "Msinililie kwenye turubai." Nikamwahidi. Alipofariki nilichukua mundu nikapanda mwenyewe, na magoti haya. Nikakuta waya. Mlinzi alinipa shikamoo vizuri, akasema tajiri amekataza watu kuingia. Nikamweleza nimefiwa. Akainua waya nipite.

"Ingia, bibi. Lakini chini ya mipaina hakuna nyasi."

Nikaingia. Kweli, hapakuwa na nyasi. Majani makavu ya mipaina tu, yanachoma nyayo.

Tulimlilia dada kwenye turubai la bluu. Zamani jirani alikuja na mzigo kichwani, ukamwona anatoka jasho, ukajua ameguswa. Siku ile simu ya mjukuu ililia kutwa nzima, akawa ananiambia, bibi, fulani naye ametuma rambirambi. Nikaitikia, asante. Fulani mwenyewe sikumwona.