Unga wa Kujenga Mwili

Nyumbani kwetu unga ni unga. Ukiniambia nilete unga, nitaleta wa ugali, pakiti ya kilo mbili. Kwa hiyo ndugu yangu aliponipigia simu kutoka Kawangware akasema, "Siste, ukikuja Jumapili niletee unga, yangu imeisha," nilimbebea unga wa mahindi kutoka Kianda hadi kwake, kwa miguu, nikinung'unika njia nzima kwamba mwanaume mzima anashindwaje kujinunulia chakula. Alipofungua mfuko alicheka mpaka akakaa chini.

"Si hii, siste. Unga ya jimu."

Mimi ninauza ndengu, maharagwe na chapati pale Kianda, karibu na steji ya Olympic. Huyu ni mdogo wangu wa mwisho. Mama alibaki Kitui, mimi nikamlea hapa tangu akiwa darasa la sita, ndani ya chumba kimoja, na chakula chake chote kilitoka kwenye sufuria zangu. Akakua, akahamia Kawangware, akawa anafundisha watu kubeba vyuma. Hiyo jimu yenyewe ni kibanda cha mabati nyuma ya karakana ya kuchomelea. Uzito wa kunyanyua ni saruji iliyomwagwa ndani ya mikebe ya rangi, ikakaukia kwenye ncha mbili za bomba. Lakini watu walikuja, asubuhi kabla ya kwenda kazini, kwa sababu walimwona yeye. Cheti hakuwa nacho. Walikuwa wanaangalia mabega yake, wanalipa. Mwili ukienda, kazi nayo imeenda.

Siku hiyo ya unga wa ugali ndiyo tulianza kubishana. Nilimwuliza, baba yetu alichota mchanga mtoni miaka yote ile, mgongo mpana kama mlango, alikunywa unga gani? Alikula ndengu! Alikula muthokoi, mahindi yaliyotwangwa maganda yakatoka, basi! Yeye akanieleza kwa upole, vile anavyoeleza wanafunzi wake, kwamba misuli inajengwa na protini, na ndengu zinayo lakini kidogo, mtu wa chuma atahitaji kula sufuria nzima.

"Basi kula sufuria nzima," nikamwambia. "Mwenye sufuria si ni mimi?"

Nilikuwa na hasira, siwezi kuficha. Ukilea mtoto kwa chakula chako, halafu akuambie mwili wake umejengwa na kitu cha kukoroga, utajisikiaje?

Nina mteja wangu, nesi wa zahanati moja hapo karibu, mama asiyependa maneno mengi. Nilimwuliza akiwa anakula. Akasema mtu anayefanya mazoezi akila maharagwe, mayai, maziwa na omena vizuri, hahitaji unga. Unga unamsaidia yule asiye na nafasi ya kupika, au asiyeweza kula kingi. Akasema mtu mwenye afya haumdhuru, bora uwe kwenye mkebe wake na ujue ndani kuna nini. "Hiyo ya kupimiwa sokoni, mama, mimi sijui ni nini, na wewe hujui." Katika maneno hayo yote mimi nilibeba neno moja tu: hahitaji. Nilimpigia ndugu yangu simu palepale, mwiko mkononi, kumwambia nesi amesema nimeshinda.

Halafu akaanza kukonda.

Kwanza mashavu. Kisha shingo. Na wallahi watu walimsifu! Wanafunzi wake walisema mwili sasa umechongeka, mishipa inaonekana, mafuta yameisha. Hata mimi nilisema umechongeka. Lakini yeye alijipima bega kwa kamba ya fundi cherehani na akajua. Jumapili moja aliniambia polepole, bila kucheka, kwamba kuna wanafunzi wawili wamehamia jimu nyingine. "Napungua, siste. Nakula na napungua."

Mimi ndiye niliyeununua ule unga. Nataka hilo lieleweke, maana watu wakisimulia wanamlaumu yeye. Nilisema moyoni, kumbe ni kweli, ndengu zangu hazimtoshi, nimemwekea kiburi mtoto wa watu. Nikaenda sokoni Kawangware, kwa jamaa mmoja anayeuza vitu vya wabeba chuma, nikamwambia nataka wa kuongeza mwili. Mkebe wenye lebo ulinishinda bei. Akanipimia kutoka kwenye gunia, akatia kwenye mfuko wa khaki. Nilichovya kidole nikaonja. Tamu! Tamu kama ile kokoa ya watoto wa matajiri. Nikaona hiki sasa ni kitu cha maana.

Alifurahi mpaka akanikumbatia, na si mtu wa kukumbatia. Alikuwa anakoroga vijiko vinne asubuhi, vinne jioni.

Kiu ikaja. Alikuwa anatembea na kibuyu cha lita tano, anakinywa chote kabla ya saa sita, anajaza tena. Na kukojoa, ndiyo hadithi. Akiwa kwangu Kianda, kati ya kuketi na chapati kuiva ameshaenda choo cha ploti mara mbili. Aliniuliza kama hiyo ni kawaida. Akaniuliza mimi! Na mimi nikamjibu, kwa sauti ile ya mtu anayejua, "Ni unga unafanya kazi. Unatoa uchafu."

Sisi ndivyo tulivyolelewa. Dawa ya mitishamba ikikuendesha, ni nzuri, inasafisha. Dawa ikikukojoza, ni nzuri zaidi. Dawa ambayo haikusumbui unamrudishia mwenyewe. Hakuna aliyenifundisha kwa maneno, niliikuta nyumbani kama vile nilivyokuta jiwe la kusagia. Kwa hiyo nilimwambia aendelee, na akaongeza kijiko cha tano.

Chooni kwenye ploti yao kulikuwa na foleni, na kufuli, na ufunguo unaopotea. Akawa anatumia ndoo na kumwaga kwenye mtaro mbele ya mlango. Siku moja nilifika nikakuta jirani yake, mama mwenye domo, anamgombeza mbele ya ploti nzima. Ati anamwaga chai pale, ameleta sisimizi. Na kweli walikuwepo, mstari mrefu mweusi umepanda kutoka mtaroni hadi kizingitini. Mimi sikubali mtu amguse huyu kijana. Nilivua leso nikajifunga kiunoni, nikamwambia yule mama, "Wee! Nani siku hizi ana sukari ya kumwaga?" Watu walicheka, na mimi nikatembea kama niliyeshinda kesi.

Alianguka Jumanne, asubuhi, akionyesha kijana vile bomba linavyoshikwa. Walinipigia simu nikiwa nakanda. Walimweka kwenye bodaboda katikati ya watu wawili, na mimi nilipofika hospitali alikuwa anapumua kama mtu aliyekimbia kutoka Silanga, upande wa pili wa mtaa wetu, lakini amelala. Mdomo wake ulikuwa unanuka kama matunda yaliyoiva kupita kiasi. Daktari alimtoboa kidole, akaweka tone kwenye kimashine, na kimashine kikakataa kutoa namba. Kiliandika tu kwamba sukari imepita pale kinapoweza kuhesabu.

"Amekuwa akinywa nini?" daktari akauliza.

Nilimwambia. Nilikuwa na ule mfuko, nilikuwa nimepita nyumbani kwake kuchukua shuka nikaubeba, sijui kwa nini. Aliumimina kidogo kwenye karatasi, akaunusa, akausugua kwa vidole. Akasema hawezi kuapa bila kupima, lakini kwa macho yake mwingi ni sukari, na maziwa ya unga kidogo. Kisha akaniangalia usoni akaona ninavyokaa. Akasema, "Mama, unga haukumletea ugonjwa huu. Mwili wake uliacha kutengeneza insulini, ungeacha hata kama angekula ndengu tupu. Ila umeongeza moto." Alisema pia kwamba dalili zote zilikuwa wazi: kukonda, kiu, mkojo. Najua alitaka kunifariji. Niliketi kwenye benchi nikajipiga mapaja mpaka mlinzi akaja kuniuliza kama kuna mtu amekufa.

Hakufa. Siku ya tatu alifungua macho, na swali lake la kwanza lilikuwa nani anafungua jimu.

Walimpa sindano. Nesi wa wodini alitufundisha sote wawili: vile unavyovuta dawa, vile unavyotoa hewa, vile unavyokunja ngozi ya tumbo na kudunga, na kwamba ale akishadunga. Asubuhi na jioni, kila siku, maisha yote. Nilimnunulia chungu cha udongo cha kuwekea chupa ya dawa kwa maji baridi, maana friji hana. Nilidhani sasa tumevuka.

Sikujua kitu kimoja, na ningejulia wapi mimi mpika maharagwe? Kule kwa wabeba chuma, kudunga ni aibu. Kuna watu wanajidunga dawa za kufura, wanavimba kwa miezi miwili, na wenzao wakijua wanawaita jina baya, wanasema huyu mwili wake ni wa sindano. Ndugu yangu ndiye aliyekuwa akiwasema zaidi! Aliwafukuza wawili kutoka jimu yake. Alikuwa anajivunia kwamba yeye ni jasho, chakula na unga peke yake. Unga haukuwa aibu, uliweza kuukoroga mbele ya watu. Sasa huyu ndiye wa kukutwa na bomba la sindano mfukoni?

"Waambie una kisukari," nilimwambia. "Ni ugonjwa. Si wizi."

"Nikisema mimi ni mgonjwa, nani atanilipa nimfundishe kuwa na afya?"

Niliomba, nilifoka, nilimleta mchungaji, nilimleta yule nesi mteja wangu ambaye alifunga safari siku yake ya mapumziko. Mbele ya wageni anaitikia ndio, ndio. Wakiondoka anajidunga siku zile anazojisikia vibaya, na akipata nafuu anaacha. Nilichora alama kwa kalamu kwenye chupa. Wiki ikaisha, dawa imeshuka kidogo tu. Watu wananiambia mficha maradhi kifo humuumbua. Nikisikia hiyo methali natamani kummwagia mtu mchuzi. Naijua! Niambieni nifanye nini na mtu mzima ambaye ana ufunguo wake, kazi yake, na mdomo wake wa kusema hapana.

Jumapili iliyopita nilienda kwake baada ya kanisa. Nilipika mayai na sukuma wiki, akala vizuri, akalala kitandani mchana ule, fulana imepanda tumboni. Mbavu nilizihesabu bila kutaka. Chupa ilikuwa kwenye chungu, dawa bado iko palepale kwenye alama yangu. Nikaona hapa hapa, Mungu anisamehe. Nilivuta dawa kiasi nesi alichoniandikia, nikatoa hewa, nikapiga magoti kando ya kitanda na kukunja ngozi yake kidogo sana kwa vidole viwili.

Akafumbua macho. Akanishika kifundo cha mkono.

"Siste, hapana."

Nilivuta mkono wangu, na ukatoka. Ulitoka mara moja, bila kazi. Mtu huyu nimemwona akinyanyua mikebe ya saruji juu ya kichwa, watu wakipiga makofi. Tuliangalia ule mkono wake uliobaki hewani, yeye na mimi. Kisha akageuza uso ukutani na machozi yakamtoka, na mimi nikalia naye, sindano nimeiinua juu nisije nikaiharibu.

"Dunga basi," akasema. "Lakini funga mlango kwanza."

Nikafunga mlango. Nikamdunga. Hiyo ilikuwa Jumapili. Jumatatu asubuhi nilikuwa Kianda, ndengu ziko motoni, na sijui kama alijidunga.