Bonde Kavu la Lukwambe

Albano, mkazi wa Kipawa jirani na uwanja wa ndege, alikuwa mchoraji ramani katika ofisi moja mjini. Mwandiko wake ulifanana na wa chapa, hata majirani walikuwa wakimletea mikoba ya watoto wao awaandikie majina.

Machi 1974 aliwekewa mezani ramani ya zamani ya mlima Lukwambe, kwao Uluguru, ainakili kwa ajili ya kijiji kipya cha ujamaa. Mistari ya mwinuko ilibanana kama ukindu wa mkeka, kisha ikaachana mahali pamoja: bonde pana, tambarare. Mkuu wake, Ansbert, alishachora hapo vijumba kwa penseli. Pembeni paliandikwa: bonde kavu.

Albano akayasoma mara mbili. Maneno yale yalikuwa yake.

Mwaka 1953, akiwa na miaka ishirini, aliwabebea wapimaji ardhi mnyororo wao wa kupimia. Watu wa Lukwambe waliogopa kulazimishwa na wakoloni kuchimba matuta kila penye maji, basi kiangazi kile wakapanda migomba ndani ya mkondo uliokauka ili kuuficha. Mpimaji alipouliza, Albano ndiye aliyejibu kwamba hapo maji hayajawahi kupita. Kumbe kila baada ya miaka kadhaa mlima hushusha mto pale, pamoja na mawe makubwa kama nyumba.

Akamwendea Ansbert, akamweleza.

"Nani kasema pana mto?"

"Mie, mkuu."

"Na nani alisema hapana?"

"Mie huyohuyo."

Ansbert akacheka mpaka akavua miwani. "Sasa Ndugu Albano, niandike barua kwamba ramani ilidanganywa na mchoraji wangu?" Akasema watu wameshahamia, na nyumba zimeezekwa.

Jioni mkewe, Sesilia, akamsomea barua kutoka kwa mama yake Albano, iliyoandikwa na katekista. Mama amefurahi. Kapewa kiwanja kando ya migomba, cha tatu kutoka juu, udongo laini kweli. Ila siku hizi anausikia mlima ukinguruma tumboni. Labda masikio yamezeeka.

Sesilia akauliza mbona hali chakula. Albano akasema ameshiba.

Asubuhi alitangulia ofisini, akachovya kalamu kwenye wino wa buluu, akaurudisha mto mahali pake, taratibu, kuanzia kileleni. Alipofika kijumba cha tatu akachovya kalamu upya. Akaiacha ramani mezani kwa mkuu, wino ukiwa mbichi, akaenda kutafuta basi la Lukwambe.

Kituoni wakamwambia halijarudi tangu juzi. Huko juu mvua haijakatika.