Waya Aliyoikata Ephantus

Mume wangu Ephantus ni mtu mzuri. Anaogopa Mungu, hanywi, hapigii mtu kelele. Lakini ukimpa kitu cha kukata, utajuta.

Miaka thelathini alifanya kazi River Road, Nairobi, kwa duka la kuchapisha kadi za harusi na vitabu vya risiti. Yeye ndiye aliyekuwa kwa ile mashine ya kukata karatasi. Karatasi ikitokeza hata unywele mmoja, anairudia. Watu walimsifu mpaka wakamharibu. Tangu astaafu, hapa kwetu Mountain View kila kitu kimekatwa: pazia, ua, hata kapeti ya sebuleni, eti ilikuwa imepinda.

Sasa ona. Debra, binti yetu, alijifungua kwa upasuaji hospitalini huko Upper Hill, na Ijumaa analetwa kwangu nimtunze. Nilikuwa na kuku wanne wa kienyeji niliowalea kwa ajili ya supu yake tangu aniambie ana mimba. Si wale wa wiki sita wa dukani. Supu ya hao ni maji yaliyoona kuku akipita. Shida ni mbwa wa mtaa, walikuwa wameanza kuzungukazunguka pale nje kuku wanaposhinda mchana. Tukakubaliana pazungushwe waya.

"Tuite Waweru," nikamwambia. Waweru ni fundi, amewajengea majirani wote.

"Waweru hajui mstari," Ephantus akasema. Akaenda mjini, akarudi na bunda la waya, misumari ya U na futi kamba. Siku mbili anapima. Siku mbili! Nikimpelekea chai inapoa, yeye amefumba jicho moja anaangalia kama nguzo zimesimama wima.

Jumatano jioni nikaenda kuona. Waya imebana vizuri, misumari imepangwa kila shubiri moja. Na chini, Ghai! Ameikata sawasawa na udongo. Hakuacha hata kidole cha kufukia. Mtoto wa nasari anajua waya ya kuku inaingia ardhini, ama inakunjwa kuelekea nje iwekewe mawe, ndiyo mbwa akichimba akutane nayo.

"Baba Debra, mbona umekata?"

"Ilikuwa imetokeza."

"Si ndiyo inatakiwa itokeze!"

"Mama Debra, hiyo si kazi safi." Na vipande vyote alikuwa ameshampa mtu wa vyuma kuukuu.

Alhamisi asubuhi, tukinywa chai, tukasikia kelele. Nikatoka mbio na mwiko. Mbwa wawili walikuwa wamechimba shimo chini ya ule mstari wake mzuri wakaingia. Kuku wawili wako chini wameraruliwa, manyoya kila mahali, waliobaki wamejibana kwa kona. Nikawachapa wale mbwa mpaka mwiko ukavunjika.

Unajua Ephantus alisema nini? Aliinama, akashikashika, akasema, "Lakini waya haijalegea."

Woi! Nilihisi kichwa kinapasuka. "Debra akifika kesho nimpikie nini? Nimpikie mstari? Mtoto wetu ameshonwa tumbo, maziwa bado hayajashuka, na wewe unaniambia waya haijalegea! Hawa wawili nao wakienda, usiniite. Hata usinisalimie." Nikaingia jikoni nikaanza kusugua sufuria, hata zile safi, kwa kelele ili asikie.

Baada ya saa nzima nikachungulia dirishani. Alikuwa amebandua waya ya upande wote wa mbele, ule aliouringia kwa majirani, na kusogeza nguzo ndani. Uwanja ukabaki nusu. Kuku wawili hawahitaji zaidi. Mbele amesimamisha mbao kuukuu, zimepinda huku na huku. Ile waya aliyobandua ameitandaza kwa nyasi aiunge chini ya zile pande nyingine, amepiga magoti, mkasi wa bati mkononi.

Nikatoka, hasira zangu bado ziko moto, nikasimama juu yake. Mkasi ulikuwa umeshauma waya, lakini hakuufunga. Jasho lilikuwa linamtiririka shingoni.

"Mama Debra," akasema bila kuinua macho, "nikate wapi?"

Miaka thelathini na minne ya ndoa, hajawahi kuniuliza kabla ya kukata kitu chochote. Nikachuchumaa, nikashika upande ule mwingine.

"Usikate," nikamwambia. "Kunja."