Fundi wa dari aliyeogopa kulowesha mfupa

Kule wodini mjinga alikuwa yeye, na Leonardi hataki asemewe na mtu mwingine. Anasema mwenyewe saa mbili asubuhi, akiwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa katika nyumba inayomaliziwa Chanji, Sumbawanga, huku akikoroga unga wa jipsamu. Magongo yake mawili yameegemezwa ukutani. Mafundi wenzake wako juu ya jukwaa. Yeye haruhusiwi kupanda.

“Miaka kumi na moja naweka dari,” anasema. “Halafu dari ikaniweka mimi.”

Anacheka, anaendelea kukoroga. Saa nne anatakiwa hospitali. Picha ya eksirei ya leo ndiyo itakayosema kama mfupa wa muundi umeunga, au mguu ukatwe chini ya goti.

Alianguka mwaka jana. Jukwaa lilikatika, mfupa ukachomoza nje ya ngozi. Kidonda kilifunga, kikafumuka, kikafunga tena. Usaha ulikuwa umejichimbia ndani ya mfupa, na dawa za kumeza hazikuufikia. Yeye ambaye siku nzuri ilimpa elfu thelathini, alikaa miezi saba bila kuingiza hata shilingi. Mkewe, Fransiska, aliuza magunia kumi na mawili ya mahindi, kisha ulezi, mpaka ule wa mbegu.

Dokta Asajile, daktari wa mifupa aliyetokea Mbeya, alimpa njia moja ya mwisho kabla ya msumeno. Angekwangua mfupa uliooza, kisha pengo alijaze vidonge vyeupe, vidogo kama punje za mahindi, vya madini yaliyochanganywa na dawa ya kuua bakteria. Dawa ingetoka polepole, palepale penye ugonjwa.

Leonardi akauliza ni madini gani. Akaambiwa ni ndugu wa ile jipsamu yake, iliyosafishwa kwa ajili ya mwili. Balaa likaanzia hapo.

Kwa fundi wa dari, adui ni maji. Bati likivuja usiku mmoja, asubuhi dari iko sakafuni. Basi siku ya tatu baada ya upasuaji, alipoona bandeji imelowa majimaji meupe kama tui, hakuuliza mtu. Aliyatambua. Akaacha kunywa maji. Chai alimpa jirani wa kitanda cha pili, mchuzi akaumwaga, uji akasema umemkinaisha.

Siku mbili baadaye midomo ilikuwa imepasuka na homa imepanda. Madaktari wakaanza kuulizana kama ugonjwa umerudi, na habari ya kukata mguu ikarudi mezani. Muuguzi Atusaye ndiye aliyegundua kwamba jagi la maji limejaa tangu juzi. Alipombana, Leonardi akaungama kama yuko mbele ya padri: alikuwa anailinda jipsamu isilowe.

“Sista aliniangalia, akanitundikia dripu, akavuta kiti,” anasimulia. “Hakuondoka mpaka nimemaliza jagi.”

Homa ilishuka kesho yake. Yale majimaji, alielezwa, hayakuwa usaha. Ni vidonge vilivyokuwa vinayeyuka. Alikubali, kwa mdomo tu.

Saa nne na nusu, Dokta Asajile anainua picha kwenye mwanga. Katika picha ya kwanza vidonge vilionekana vimebanana kama punje kwenye gunzi. Leo hakuna hata kimoja. Leonardi anapatazama pale vilipokuwa, na uso unambadilika.

“Imeporomoka,” anasema kwa sauti ya chini. “Niliwaambia, Dokta. Jipsamu haitaki maji.”

“Fundi, ya kwako unaiweka ikae. Hii tuliiweka iondoke.”

Daktari anamwonyesha ukungu mweupe uliojaza pengo. Huo ni mfupa mpya. Mguu haukatwi. Anamwambia aweke magongo kando, akanyage taratibu.

Leonardi anakanyaga. Jasho linamtoka, lakini muundi unamshika. Kuna kigango huko Chala kinachomngojea aweke dari ya kanisa, na amepanga kuimaliza kabla ya Noeli. Hata hivyo mdomo haujakubali kushindwa. Anaanza upya: humu ndani hakuna anayeijua jipsamu kumzidi yeye, na jipsamu ikishayeyuka, imeisha.

Fransiska, aliyemsindikiza hospitali, anayaokota magongo na kuyakumbatia.

“Imeisha, Baba Lydia, na wewe umesimama. Sasa unabishana na nani?”