Siku Tulipokaa Kwenye Landrova Bila Kwenda Popote

Wiki jana nilipeleka gari langu gereji moja hapa Nyeri, maana lilikuwa limeanza kugonga kila likipita kwenye tuta. Fundi, mwanamume wa makamo mwenye haraka zake, aliliinua, akachungulia chini, akaniambia, "Madam, hizi bushi zimeisha kabisa." Nikamwambia aweke mpya. Alipomaliza kuzipachika akashika spana akaze nati, gari likiwa bado linaning'inia hewani, na mimi nikajikuta nimesimama kando yake.

"Shusha kwanza," nikamwambia. "Usikaze ikiwa juu."

Alinitazama vile mafundi hutazama wanawake wanaojua mambo, kisha akauliza nani alinifunza. Jibu lenyewe ni refu na yeye alikuwa na magari mengine yakimngoja. Wewe una nafasi, kwa hiyo keti nikusimulie.

Kwetu ni Gakindu. Miaka hiyo Uhuru ulikuwa bado mchanga, na baba alikuwa na Landrova kuukuu aliyoinunua kwa mlowezi mmoja aliyekuwa akirudi kwao. Ilibeba kahawa, ilibeba kwaya, ilibeba maharusi na wagonjwa, na ilisikika kabla ya kuonekana. Mama alikuwa akiisikia ikigonga kule chini mtoni, anaweka sufuria ya chai mekoni, na baba akifika langoni chai imechemka. Hatukujua kwamba ule mgongano ni ugonjwa. Tulidhani ndiyo sauti yake.

Tuliishi na nyanya, mama yake baba, ambaye sisi watoto tulimwita cucu. Mimi ndiye niliyepewa jina lake, na kwa desturi yetu baba aliniita "maitu", yaani mama. Ilinifaa sana. Hata nilipovunja kibuyu cha maziwa baba alishika fimbo, akanitazama, akaiweka chini, kwa sababu ni mtu gani anayemchapa mama yake?

Jicho la kushoto la nyanya lilikuwa limekufa kitambo. La kulia nalo likaingiwa na mtoto wa jicho, mpaka akawa anachambua maharagwe kwa vidole. Akapelekwa hospitali ya Nyeri, akapasuliwa. Daktari akamwambia baba kwamba kazi imeenda vizuri lakini mshono ni mbichi. Jumatatu angeweza kurudi nyumbani, mradi asiiname, asikohoe kwa nguvu, na zaidi ya yote asitikiswe. Baba alirudi nyumbani. Aliikagua Landrova kwa muda mrefu, na kwa mara ya kwanza nikamwona akiiogopa. Ule mshono ndio uliobeba macho yote ya nyanya.

Bushi, kama hujui, ni kipande cha mpira kinachokaa ndani ya sikio la springi ili chuma kisigongane na chuma. Zetu zilikuwa zimelika zikawa kama maganda. Baba alinunua mpya mjini, akaipandisha Landrova juu ya mawe, akaanza kazi mwenyewe. Kazi yangu ilikuwa kuleta maji ya moto yenye sabuni ya kipande, ya kulainisha mpira uingie. Nakumbuka harufu ya sabuni ile ikichanganyika na ya githeri jikoni na ya grisi mikononi mwa baba. Alikaza nati kwa nguvu zake zote, mishipa ya shingo ikamtoka, gari likiwa palepale juu ya mawe. Kesho yake akapeleka kahawa kiwandani. Aliporudi Landrova ilikuwa inalia kama mlango wa ghala, na chini yake kulikuwa na makombo meusi ya mpira. Siku hiyo baba hakula.

Tulikuwa na jirani aliyetoka upande wa magharibi, dereva wa greda ya serikali, mtu mrefu mwenye sauti ya taratibu. Kikuyu hakujua, Kiswahili cha baba kilikuwa cha kubahatisha, lakini walielewana. Alikuja, akaokota yale makombo, akayasugua kwa vidole.

"Mzee, hii ulikaza ikiwa wapi?"

"Ikiwa juu ya mawe."

"Basi ndiyo hiyo. Mpira inashika vile ulikaza. Ukishusha gari imeshajisokota, hata haujatoka kwa boma. Kaza ikiwa chini, tena ikiwa imebeba watu wake."

Baba akarudi mjini Ijumaa, akapata seti moja, ya mwisho dukani. Jumamosi asubuhi dereva wa greda alizipachika, akaishusha Landrova, akatuamuru tuingie kama tutakavyokaa Jumatatu. Baba akashika usukani. Mama akakaa katikati. Palibaki mahali pa nyanya, dirishani upande wa kushoto, na sote tukapatazama. Baba akasema, "Maitu, ingia hapo. Ni mahali pako."

Nikaingia. Nilikuwa mwepesi mno, kwa hiyo nikapakatishwa nusu gunia la viazi. Nyuma, mahali pangu, dereva wa greda akasema mbuzi mmoja mkubwa atatosha kuwa mimi. Akafungwa mbuzi. Jambo hilo sijalisamehe mpaka leo.

Tulikaa hivyo karibu asubuhi nzima, wima kama watu wanaokwenda kanisani, huku mwenzetu amelala chali chini yetu akikaza nati moja moja. Wanawake waliokuwa wakienda sokoni walisimama langoni kutusalimu na kuuliza tunaelekea wapi. Baba aliwajibu kwa heshima kwamba hatuendi mahali. Mama alijifunika uso kwa kitambaa, mabega yakimtetemeka kwa kicheko. Viazi viliniumiza mapaja na sikuthubutu kujisogeza, maana niliamini kwamba nikisogea nyanya hataona.

Jumatatu tulimchukua, bandeji imemzunguka kichwa, akaegemea mito miwili. Baba aliendesha polepole kiasi kwamba baiskeli zilitupita. Lami ilipoisha nikabana pumzi. Landrova ikateremka kwenye murram, ikayumba, ikapanda, ikateremka tena, na ule mgongano haukuja. Tulipita madaraja, tulipita makorongo, haukuja. Nyanya alikuwa akiijua barabara ile kwa mgongo wake, kila shimo. Tulipokuwa tunaingia soko la Gakindu, karibu kabisa na nyumbani, akageuza uso wake uliofungwa upande wa baba, akauliza kwa Kikuyu chake cha upole:

"Kwani lami bado haijaisha?"

Baba alisimamisha gari. Aliweka paji la uso kwenye usukani akacheka, kisha nikaona kwamba analia, na mama naye, na mimi nikalia kwa kuwaiga, lakini moyo wangu ulikuwa mwepesi kuliko siku yoyote ninayoikumbuka. Bandeji ilipofunguliwa wiki mbili baadaye, nyanya alinitazama kwa muda mrefu, kisha akauliza kama kweli mimi ndiye ninayezunguka na jina lake nikiwa na uso mchafu hivyo. Nikakimbilia mtoni kunawa, nikiruka kwa furaha.

Wote hao hawapo sasa. Dereva wa greda alihamishwa hatukumwona tena, na Landrova ilikatwakatwa ikauzwa chuma chakavu. Fundi wa Nyeri alishusha gari kama nilivyomwomba, nami nikaingia, upande wa kushoto, dirishani. Akauliza kama kuna mwingine wa kukaa. Nikamwambia hakuna, akaze tu.

Jioni niliendesha kwenda Gakindu. Siku hizi njia yote imewekwa lami, hadi sokoni na kupita. Gari lilikuwa kimya. Nilipofika pale baba aliposimama, nilipunguza mwendo, nikatazama kiti kilichokuwa kitupu kando yangu, nikasema, "Bado, cucu. Bado haijaisha."