Muuza Mboga wa Madras

Kila Alhamisi, wakati mume wangu akiwa masomoni, nilikwenda kitongoji cha Sundbyberg kumsafishia nyumba mama mmoja wa Kiswidi, mchoraji. Ujanani alizunguka Bara Hindi akichora watu njiani, harakaharaka, kwa kipande cha mkaa: kinyozi, wafua nguo, mwanamke anayeuza mboga Madras. Huyo muuza mboga alikaa ukumbini ndani ya kioo, na kila wiki nilimfuta vumbi.

Alhamisi moja nikakuta picha zote zimetolewa kwenye vioo na kubandikwa ukutani. Saa nane watu wa maonyesho wangekuja kuzichukua. Mama akatoka kununua kamba.

Mimi nimekulia jikoni. Mkaa ukionekana nje ya jiko, kwangu ni uchafu. Niliona alama nyeusi za vidole kando ya muuza mboga, nikapitisha kitambaa cha maji kama nilivyozoea. Kitambaa kikaondoka na jicho, shavu na nusu ya mdomo.

Ilikuwa saa saba na nusu. Niliwaza kusema nimeikuta hivyo. Naliandika hili kwa kuwa nililiwaza kweli. Kwa haki, mama hakunikataza kugusa. Kwa haki hiyohiyo, mimi sikuuliza.

Aliporudi nilimwambia kabla hajavua koti. Hakunifokea, na hilo ndilo lililonitisha. Akachukua mkaa, akausogeza kwenye karatasi, mkono ukabaki hewani.

"Simkumbuki," akasema. "Nilimwona dakika mbili tu. Na hapa nyumbani nampita kila siku bila kumtazama."

"Mimi namkumbuka, mama."

Nikamweleza kwa Kiswidi changu cha kuokoteza: jicho linamfuata mteja anayeondoka, mdomo unazuia neno. Akachora. Nikamwambia hapana, shavu limebonyea zaidi. Akafuta, akachora tena. Nikakataa tena. Akanung'unika kwamba hata mwalimu wake hakuwa mkali hivyo, na mimi kwa woga sikujua kama nicheke.

Kengele ya mlango ikalia. Akarudi nyuma hatua moja, vidole vyeusi.

"Ndiye?"

Nikatazama. Jicho lilikuwa lenyewe, ningeapa. Lakini shavu lile nililijua tangu utotoni: lilikuwa la shangazi yangu, na sikuweza kusema ni lini nililiingiza. Kengele ikalia mara ya pili.

"Ndiye," nikasema, nikaenda kufungua mlango.