Radhi Juu ya Fumba

Miaka michache baada ya Mapinduzi nilipanda ndege kwa mara ya kwanza, nimekaa bega kwa bega na mama mkwe wangu, mtu niliyekuwa nikimdanganya kwa mwaka mzima.

Tulikuwa tumekwenda Tanga harusini. Mume wangu alikuwa akijaza mafuta ndege pale uwanjani Unguja, na daktari mmoja wa Kizungu mwenye ndege yake ndogo alikuwa rafiki yake, akakubali kuturejesha bure. Safari ilikuwa tamu. Mama alitafuna vileja njia nzima, akinionyesha bahari utadhani ni yake. Uwanja tushauona, daktari akaanza kugonga kitaa kimoja kwa ukucha. Vitaa vilikuwa vitatu, kila gurudumu na chake. Viwili viliwaka kijani, lakini cha gurudumu la mbele kilibaki kiza.

Akatuzungusha juu ya rasi ya Fumba, duru baada ya duru, mafuta yapungue, huku akihangaika kuliteremsha lile gurudumu. Halikushuka. Mwisho akatuambia kwa Kiingereza cha taratibu tuiname, tufunike vichwa. Nikamfasiria mama.

"Basi mwanangu, tutakane radhi," akasema, akifunga vizuri kopo la vileja. "Miye nimekusema sana kwa majirani. Niwie radhi."

"Nimekuwia radhi, mama. Na wewe niwie radhi."

"Nshakuwia, kwa yote, duniani na akhera."

Ningenyamaza hapo! Lakini niliogopa kufa nalo moyoni, nikamwambia habari ya barua. Mama alisoma kwa herufi za Kiarabu tu, na binti yake wa Mombasa aliandika kwa herufi za Kizungu, kwa hiyo msomaji nilikuwa mimi, maana mume wangu alishinda uwanjani. Katika kila barua binti alimwomba mama ahamie kwake, na kila mara nilikiruka kipande hicho. Mama yangu mzazi alikuwa ameshafariki, na huyu nilikuwa nimeshampenda. Nilitaka abaki.

Alinitupia jicho ambalo mpaka leo nikilikumbuka nacheka na kuogopa. Kisha akanishika mkono, maana ardhi ilikuwa inakuja.

Magurudumu mawili ya nyuma yaligusa lami, pua ikakaa hewani kidogo, kisha ikashuka na kukwaruza chini kwa kelele za kutoa roho. Tukasimama. Hakuna aliyeumia. Mume wangu alikuja mbio, kiatu mguu mmoja, na mama akamwambia akakitafute cha pili kwanza.

Tulipofika nyumbani Mlandege, mama hata buibui hakuvua.

"Radhi nshatoa, sirejeshi," akasema. "Lete barua. Zote."

Nilizisoma neno kwa neno mpaka sauti ikakauka, na nilipofika kwenye "njoo ukae nami, mama," machozi yalinitoka, kwa sababu nilijua kuwa nimeshamkosa. Yeye alisikiliza hadi barua ya mwisho, kisha akaniambia nichukue kalamu.

"Andika: Mwanangu, Idi nnakuja kukutazama, lakini kukaa siji. Huku nnae binti mwengine. Mwongo mkubwa, lakini simwachi. Haya, na usiruke neno."

Niliandika yote, na lile neno "mwongo" nikalipigia mstari chini yake.